Je, Wajua? Trei ya Ndani ya Kasha la Mashine

Katika vitu vyote anavyovinunua fundi pamoja na mashine yake hakuna kinachodharauliwa upesi kuliko ile trei ya plastiki iliyomo ndani ya kasha, trei iliyofinyangwa kwa umbo la mashine yenyewe ili iishike mbavu zake zote isipate kugongana safarini, na ambayo aghalabu hutupwa katika juma la kwanza na mtu yule yule atakayezunguka madukani baada ya miaka miwili akiitafuta. Mashine ina wasifu wake, wembe una wasifu wake, hata betri siku hizi ina mashabiki; trei haina mtu. Nimeona ni insafu kuziandika habari zake, kwa kuwa kitu hiki chepesi, ambacho mtoto angeweza kukivunja kwa goti, kina nasaba ndefu ya ustadi nyuma yake, na ndani yake mna jawabu la swali linalowaudhi mafundi wengi: imekuwaje mashine ipatikane kila duka, na malazi yake yasipatikane.

Trei ninayokusudia kuifuata ni ya mashine moja tu, ile ya umeme ya kutikisa wembe, ambayo hutoboa nafasi ya swichi katika ubao, hukata msumari uliojificha nyuma ya fremu ya mlango, huondoa saruji kati ya vigae, na hupiga msasa katika pembe ambazo mashine nyingine hazifiki. Katika mashine za mkono sidhani ipo iliyo na kiwiliwili kigumu kukilaza kuliko hii, wala iliyo na vikorokoro vingi vinavyodai kila kimoja mahali pake.

Asili yake ni hospitali. Katika miaka ya 1940 daktari wa mifupa Homer Stryker, wa mji wa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, Marekani, alibuni msumeno wa umeme wa kukatia plasta ya jasi wanayofungwa waliovunjika viungo, lile hogo tulijualo sote, ambalo hapo kabla liliondolewa kwa mikasi mikubwa na kwa hofu iliyozidi ukubwa wa mikasi. Hekima ya msumeno huo ni kwamba wembe wake hauzunguki. Huenda mbele kidogo na kurudi nyuma kidogo, kwa pembe ndogo mno, maelfu ya mara kwa dakika. Jasi, kwa kuwa ni ngumu na haina uwezo wa kuufuata wembe, hubaki mahali pake ikakatwa. Ngozi, kwa kuwa ni laini na hunyumbuka, huenda na meno na kurudi na meno, isikatike. Ndiyo maana daktari humtuliza mgonjwa mwoga kwa kuugusisha wembe unaounguruma kwenye kiganja chake mwenyewe, na mgonjwa akastaajabu kuona hapana damu. Lakini salama hiyo ina mpaka wake, kwa sababu wembe hupata moto kwa msuguano, na ngozi iliyonusurika kukatwa yaweza kuungua. Kwa hiyo mkataji mjuzi huushusha wembe na kuuinua, akaushusha tena hatua moja mbele, wala hauburuti.

Kampuni ya Fein ya Ujerumani, iliyoasisiwa na Wilhelm Emil Fein mwaka 1867, na ambayo mwaka 1895 ilitoa drili ya umeme ya kushikwa mkononi iliyokuwa ya kwanza ya aina yake, nayo ilitoa msumeno wake wa plasta mwaka 1967, na baadaye ikauhamisha mwendo huo huo kutoka kando ya kitanda cha mgonjwa ikaupeleka karakana, kwenye gundi ya vioo vya magari, kwenye bati, na mwishowe kwenye mbao, katika mashine iliyopewa jina la MultiMaster. Ndani ya mashine hiyo mota huzunguka upande mmoja bila kusita. Penye ncha ya mhimili wake pana beringi iliyowekwa kando kidogo ya kitovu. Beringi hiyo imekumbatiwa na uma wa chuma, na uma, kwa kuwa haukupewa nafasi ya kuzunguka, huyumba huku na huku na kuuyumbisha mhimili wa pili unaoshika wembe. Mwendo wote hauzidi nyuzi tatu au nne hivi, na hesabu yake ni kati ya mara 10,000 na 20,000 kwa dakika.

Kutokana na mpango huo wa ndani ndiko lilikotoka umbo lenye kutaabisha. Mota imelala ndani ya shina refu la mviringo linalojaa mkono; kichwa kimepinda chini kwa pembe mraba; wembe umetokeza mbele; na urefu wote unakaribia sentimita 30. Hakuna upande ulio bapa, wala ulio sawa na mwenziwe. Ukiilaza mashine juu ya mbao hubingirika hata ikaegemea kichwa, na wembe, kama haukuvuliwa, huelekea popote usipotaka. Halafu vije vikorokoro: nyembe nyembamba za kuzamia katika mbao, nusu duara za kukatia mistari mirefu, za meno ya kabaidi kwa saruji ya vigae, kikwangua cha gundi, kibao cha pembetatu cha kubandikia msasa na msasa wenyewe. Kama ni mashine ya waya, waya huo wa mita nne au tano hudai karibu thuluthi ya kasha. Vyote hivi ni vikali au ni vya kujisokota, na vikiachwa huru pamoja kwa safari ya gari moja katika barabara ya vumbi, meno ya nyembe hujinoa juu ya ngozi ya waya.

Sanaa ya kukilaza kila kifaa mahali pake ni ya kale kuliko umeme. Zamani waungwana wa Ulaya walipokuwa wakiuana kwa heshima, bastola zao ziliuzwa jozi jozi ndani ya makasha ya mbao, na mafundi wa makasha hayo walikuwa na madhehebu mawili. Mafundi wa Kiingereza aghalabu waliigawa nafasi ya ndani kwa vibao vyembamba vilivyonyooka, wakavifunika kitambaa cha sufu, na bastola ikakaa katika chumba chake bila kubanwa, pamoja na chupa ya baruti na kalibu ya risasi katika vyumba vya jirani. Mafundi wa Kifaransa waliona hilo ni jambo la wachuuzi. Wao walitwaa ubao mnene wakauchonga kwa umbo la kila kitu, mtutu ukapata mfereji wake, kitako kikapata bonde lake, kisha wakatandika mahameli, na kila kifaa kikaketi kana kwamba kiliota pale pale. Dhehebu la Kifaransa hupendeza macho kwa namna isiyopingika. Lakini bastola ikibadilishwa, kasha la Kiingereza hupokea nyingine, na la Kifaransa halina budi kuchongwa upya.

Aliyeifikisha sanaa hii kikomoni ni Henry O. Studley, fundi wa vinanda wa jimbo la Massachusetts, aliyezaliwa mwaka 1838 na kufariki mwaka 1925. Kasha lake la kutundika ukutani, ambalo likifungwa urefu wake ni kama mita moja na upana nusu ya hapo, hubeba vifaa vipatavyo 300, kila kimoja katika kiota cha mahogani kilichopambwa kwa mpingo, pembe za ndovu na gamba la lulu, na baadhi ya viota ni vibao vya bawaba vinavyofunguka na kufunua safu nyingine nyuma yake. Nimeona picha zake, na sioni haya kukiri kwamba hakuna trei ya plastiki itakayonitoa machozi kama kasha lile. Ila pia hakuna fundi mwenye kazi ya kesho asubuhi atakayengoja miaka ya kulitengeneza.

Plastiki ilikuja kuyafanya kwa dakika moja yale ambayo patasi iliyafanya kwa miezi. Trei nyingi nyepesi huundwa kwa njia ya mvuto wa hewa. Kwanza huchongwa kalibu ya aluminiamu au ya mbao ngumu yenye milima na mabonde ya mashine, ikatobolewa vitundu vidogo mno katika pembe zake zote. Juu yake huwekwa karatasi ya plastiki, aghalabu ya polistaireni au ABS, yenye unene wa milimita moja au mbili. Karatasi hupashwa moto hata ikalegea na kuning'inia. Hapo pampu huinyonya hewa iliyo chini kupitia vile vitundu, na uzito wa hewa ya dunia huikandamiza plastiki juu ya kalibu ikaishika kama nguo iliyolowa mvua ishikavyo mwili. Ikishapoa hubanduliwa, kingo zikakatwa, na trei imekwisha.

Urahisi huo una masharti yake, na masharti hayo ndiyo yanayoeleza tabia za trei zote ulizopata kuzishika. Sharti la kwanza ni kwamba kuta za kila shimo ziwe na mwinamo wa nyuzi chache kuelekea nje, la sivyo trei haitabanduka katika kalibu. Kwa hiyo hakuna shimo linaloibana mashine sawasawa tangu juu hata chini, na ile hali ya mashine kucheza kidogo, ambayo wanunuzi huilaumu kuwa ni uzembe, ni deni la kalibu. Sharti la pili ni kwamba shimo lisiwe na tumbo pana kuliko mdomo wake, ndiyo sababu mashine hulazwa ubavu, nusu yake ndani na nusu nje, na kazi ya kuishika nusu ya juu huachiwa kifuniko. Na liko jambo la tatu ambalo waweza kulihakiki kwa kidole gumba. Bonyeza ukingo wa trei, ulio bapa: mgumu. Sasa bonyeza pembe ya chini kabisa ya shimo lenye kina kirefu, pale kichwa cha mashine kinapotulia: hulegea kama ganda la yai, maana plastiki ile ile iliyokuwa ya milimita mbili ilinyooshwa ikishuka bondeni, ikafika chini imekonda. Hapo ndipo trei hupasukia, na hapo ndipo uzito wote wa mashine ulipo.

Makasha mengine hayana trei hata kidogo. Hayo ni yale mazito ya poliethilini yanayofanywa kwa kupuliza, ambapo bomba la plastiki laini hubanwa kati ya nusu mbili za kalibu na kujazwa hewa mpaka likatandaa, na matokeo yake ni ukuta wa tabaka mbili wenye mashimo ya mashine yaliyoumbwa humo humo. Mwenye kasha la namna hii asipoteze siku zake kutafuta trei yake, kwa sababu haikupata kuwako.

Sasa nije kwenye uhaba. Muda mrefu mashine hizi zilikuwa chini ya hataza za Fein, na kasha lake lilikuwa moja la kujulikana. Yapata mwaka 2008 hataza kuu zilipokwisha muda, mlango ukafunguka, na Bosch, Dremel na wengine wengi wakaingia, kila mmoja na shina lake, kichwa chake na namna yake ya kufunga wembe. Kwa kitambo ilikuwa fujo. Wembe wa huyu haukukaa kwa yule. Hatimaye wanunuzi walichoka na watengenezaji wakachoshwa na malalamiko, na mwaka 2016 Bosch na Fein wakatoa pamoja mfumo wa Starlock, ambao shingo ya wembe wake ina umbo la nyota yenye kina na hunasa kwenye mashine kwa mkono mmoja bila ufunguo. Upande wa nje wa kasha nako yalikuwa yamekwisha kuwako mapatano: Systainer za kampuni ya Tanos, zilizoingia sokoni mwaka 1993, hukaa juu ya kitako cha milimita 396 kwa 296 na kufungamana moja juu ya nyingine hata zikitoka kwa kampuni mbalimbali zinazozitumia, na L-Boxx za Sortimo, ambazo Bosch alizichukua, zina kitako chao cha 442 kwa 357.

Basi leo shingo ya wembe ina mapatano na ganda la kasha lina mapatano, na kati ya hayo mawili, pale mashine inapolala, hakuna mapatano yoyote. Kila trei ni ya Kifaransa. Kalibu yake hugharimu fedha, trei hutolewa kwa mkupuo mmoja kulingana na hesabu ya mashine, na siku mtengenezaji anapoinenepesha kishikio kwa milimita tano au kukibadilisha kisigino kipokee betri nyingine, kalibu hiyo huwa chuma chakavu. Hapana anayefaidika kwa kutunza akiba ya trei za toleo lililokwisha. Tena desturi ya kuuza mashine tupu imeenea, bila betri, bila chaja, bila kasha, ndani ya boksi la karatasi lisilovumilia mvua moja, kwa hoja kwamba mnunuzi anazo betri tayari. Hoja hiyo ni ya haki, lakini matokeo yake ni mashine nyingi zilizokuja duniani pasipo malazi. Huku kwetu ziongezwe mashine za mtumba zinazoshushwa Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ambazo aghalabu huwa zimekwisha kuachana na makasha yao, kwa kuwa kasha hula nafasi ndani ya kontena na nafasi ndani ya kontena hulipiwa.

Anayetafuta trei hasa, wala si kitu cha kuifanania, asiitafute kwa jina la mashine. Jina hubaki lile lile matoleo yakipita. Kama kipo hata kipande cha trei ya zamani, akigeuze: upande wa chini aghalabu mna herufi za aina ya plastiki, PS au ABS, zilizofungwa kati ya alama mbili za pembe, na karibu na hapo mna namba ya kipuri, nayo ndiyo ya kuandikwa. Asipokuwa nacho, mchoro wa vipuri wa mtengenezaji, ule unaoionyesha mashine ikiwa imefumuliwa kila skrubu peke yake, mara nyingine huipa trei namba yake mbali na kasha. Bosch, kwa mfano, huuza trei nyingi za L-Boxx peke yake. Kisha apime mambo matatu kabla ya kutoa fedha: kama trei ilifanyiwa mashine ya waya au ya betri, na betri ya volti 12 au 18, maana kisigino chake si kimoja, kama kichwa kina wenzo wa kufungulia wembe, ambao hutokeza juu na kudai nafasi, na tatu, kina cha kasha kutoka sakafu yake hata kifuniko kikiwa kimefungwa. Wembe uvuliwe. Trei iliyochorwa kwa mashine yenye wembe wake ni adimu sana, na nadhani ni hekima iwe hivyo.

Asiyeipata atengeneze, na hapa ndipo ninapoonekana mfuasi wa Waingereza. Kwa mwenye mashine inayoweza kubadilika kesho, vibao vyembamba vinne vilivyopangwa vizuri, na chumba cha nyembe chenye kifuniko, vina faida kuliko bonde zuri litakalokuwa yatima. Lakini najua wengi hawatanisikiliza, kwa kuwa kuona kitu kikiingia katika umbo lake ni raha ya pekee, basi wao watumie sponji, na wachague sponji kwa busara. Sponji ya godoro haifai. Vitundu vyake vimefunguka, hunywa unyevu wa pwani na chumvi yake, ikakilaza chuma katika maji usiku kucha, na baada ya miaka michache yenyewe humung'unyika ikawa unga wa kunata. Inayofaa ni ya poliethilini, ambayo vitundu vyake vimefungwa kila kimoja peke yake na haipitishi maji. Ipo inayouzwa na FastCap ya Marekani kwa jina la Kaizen, iliyopangwa tabaka nyembamba juu ya tabaka: huilaza mashine juu yake, huchora pembeni kwa kalamu yenye ncha ndefu, hukata kwa kisu hadi kina unachotaka, kisha huchimbua tabaka kwa kidole, na sakafu ya shimo hubaki sawa.

Mafundi wa ndege, ambao spana iliyosahauliwa ndani ya injini yaweza kuwagharimu roho za watu, huichukua sanaa hii hatua moja zaidi. Hutumia sponji ya rangi mbili, nyeusi juu na ya manjano au nyekundu chini, hata kifaa kikiwa hakipo mahali pake shimo hupiga kelele kwa rangi, na kasha halifungwi mpaka kelele imenyamaza. Kwa mashine yetu hii ningefanya hivyo katika chumba cha nyembe, maana nyembe ni nyembamba, hupotea ndani ya vumbi la mbao, na hupatikana kwa nyayo.

La mwisho ni vidole. Shimo lililokatwa sawasawa kabisa na mashine huimeza mashine, na mwenyewe hulazimika kulipindua kasha ili kuitoa. Kata nafasi mbili za nusu duara, moja kila upande wa shina, zenye kina cha kuingiza vidole hadi kifundo, na uzikate karibu na shingo. Kisigino ndiko betri iliko, na mtu akivuta huko betri huchomoka peke yake, mashine ikabaki imelala.